Viatu vya Mama Mchungaji



 Wengi mmeniandikia mkiuliza ile safari ya mchungaji na mama ilikuwaje. Mliona picha ya nissan ya kanisa ikiwa na pazia la leso dirishani, mkacheka, nami nikacheka nanyi. Lakini nimenyamaza wiki tatu, kwa sababu jambo lililotokea njiani halikuwa langu peke yangu kulisimulia. Jana jioni mama ameyasoma maneno haya yote, akafuta sentensi mbili, akaniambia, "Sasa peleka."

Basi keti nami kidogo. Leo sina mahubiri marefu. Nina toba.

Mnajua kwamba mwaka huu wazee wa kanisa walitupa likizo ya siku sita. Walisema, "Mchungaji, umezika watu, umefungisha ndoa, umekesha, na hatujawahi kukuona umepumzika." Nikashukuru. Shida ikawa, tukalale wapi? Hoteli za karibu na mbuga, ukiuliza bei ya usiku mmoja, unakumbuka karo ya watoto.

Ndipo nikakumbuka wazee wawili Wazungu niliowakuta siku moja wakitia mafuta Nakuru. Walikuwa na gari kubwa lenye kitanda ndani, jiko, sinki, na hata choo. Mume na mke, wote wamestaafu, wanazunguka Afrika na nyumba yao mgongoni kama kobe. Nakiri mbele yenu, niliwaonea wivu. Nikasema moyoni, na sisi je? Nissan ya kanisa ipo, na wiki ile haikuwa na mazishi wala mkutano wa injili.

Fundi akang'oa viti vyote vya nyuma. Nikatia godoro la futi nne kwa sita, mablanketi matatu, mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili na mtungi wa maji wa lita 20. Pazia nikashona mwenyewe. Kisha nikamwita mama aje aone zawadi yake.

Akaangalia ndani ya gari kwa muda. Akasema, "Sawa."

Wanaume wenzangu, tujifunze kulisikia hilo neno "sawa". Mimi nilisikia shukrani.

Njia niliyochagua ni ya milima. Mama alizaliwa upande wa Endebess, chini ya Mlima Elgon, na utoto wake wote aliuona mlima ule kila asubuhi. Hakuwahi kuingia ndani ya hifadhi. Nami nilijua kwamba familia yao ilitoka kule mwaka wa 1992 wakati wa mapigano, yeye akiwa na miaka kumi. Nililijua jambo hilo kama unavyojua tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Miaka 22 ya ndoa, na sikuwa nimewahi kuketi chini nikamwuliza, "Ilikuwaje?"

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Tukapita Elburgon na Molo, tukaingia barabara kuu pale Mau Summit, tukavuka ikweta kabla ya Timboroa. Anayeijua Timboroa anajua baridi yake. Tukanunua viazi na karoti kando ya njia, tukapita Burnt Forest, Eldoret, mpaka Iten, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na Bonde la Kerio linafunguka chini yako. Mchungaji mwenzangu alituruhusu kuegesha katika uwanja wa kanisa lake. Tukapika, tukakunywa chai, tukaomba. Nikafunga mlango, nikavuta pazia, nikamwambia mke wangu maneno haya: "Mama, vua viatu ulale. Hapa kuko salama."

Hakuvua.

Nilipoamka saa nane ya usiku alikuwa ameketi wima, mgongo umeegemea mlango, mkoba mapajani, viatu miguuni, kamba zimefungwa. Nikafikiri ni baridi. Nikampa blanketi langu. Asubuhi nilimkuta vilevile. Hapo, wapendwa, mchungaji wenu akakasirika. Nilisema kitu ambacho sitakiandika chote, ila kiini chake kilikuwa kwamba nimemwandalia jambo zuri na yeye ananuna. Mama hakujibu. Akaosha vikombe.

Jumanne tukapitia Moi's Bridge na Kitale hadi Hifadhi ya Saiwa. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita tatu za mraba tu, na ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa: nzohe, yule paa wa kinamasini ambaye wengi wanamwita sitatunga. Ndani hamwendi na gari. Gari linabaki, mnatembea kwa miguu juu ya mbao zilizotandazwa kwenye matope.

Tulimwona mmoja jioni, katikati ya mafunjo. Kwato zake ni ndefu na zinatanuka, ndiyo maana hazami kwenye tope. Askari wa wanyamapori akatueleza kwamba nzohe akihisi hatari hakimbii mbali. Anaingia majini, anajizamisha, anabakiza pua tu juu ya maji, anatulia hapo mpaka hatari ipite.

Mama akamtazama kwa muda mrefu. Akasema polepole, "Huyo anajua."

Nilisikia, lakini sikuuliza anajua nini. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa na masikio na asisikie?

Usiku ule mvua ikanyesha. Ninyi mliolala chini ya bati mnaijua sauti ya mvua juu ya chuma. Nikashtushwa na mlango wa gari ukisukumwa. Mama alikuwa ametoka nje, amesimama kwenye mvua, amevaa viatu, mkoba kifuani, anatetemeka. Nikatoka na blanketi. Nikataka kusema, "Usiogope." Neno lilikuwa tayari mdomoni, kwa maana ndiyo kazi yangu, nimewaambia watu maelfu ya mara wasiogope. Lakini safari hii, na ninaamini ni Roho Mtakatifu aliyenizuia, neno halikutoka. Nikauliza tu, "Mama, unaogopa nini?"

Akaniambia pale pale mvuani.

Mwaka ule wa 1992 walitoroka kwa lori. Familia nne ndani ya lori moja, turubai juu, mvua inanyesha juu ya turubai. Walilala humo ndani usiku tatu. Usiku wa kwanza baba yake aliwaambia watoto, "Vueni viatu mlale. Hapa kuko salama, asubuhi tutakuwa tumefika." Wakamwamini, wakavua. Katikati ya usiku lori likasimamishwa, kelele zikaanza, kila mtu akaruka akimbie. Mke wangu alikimbia bila viatu kwenye shamba la mahindi yaliyokatwa. Unajua yale mabua yaliyobaki ardhini yalivyo makali. Kovu lililo kwenye wayo wake nimeliona miaka 22. Nilikuwa nimeambiwa ni chupa, nikaridhika.

"Tangu siku hiyo," akasema, "sijawahi kuvua viatu nikiwa ndani ya gari. Hata tukienda Nakuru tu. Hujaona?"

Sikuwa nimeona.

Wapendwa, mtu huyu ndiye aliyewapikia ninyi mwaka wa 2008. Wengi wenu mnakumbuka jinsi kanisa letu lilivyojaa magodoro na watoto, na wengine wakapelekwa uwanja wa maonyesho wa Nakuru kuishi kwenye mahema. Mama alisonga ugali kwa ajili ya watu waliokuwa wamepitia jambo alilolipitia yeye, na hakumwambia mtu. Mimi niliona mikono yake inafanya kazi, nikasema, "Bwana asifiwe, mke wangu ni imara." Nilimsifu ili nisilazimike kumwuliza.

Nikamwambia, "Turudi nyumbani. Asubuhi nageuza gari."

Akafuta maji usoni. "Hapana. Nipeleke Endebess."

Jumatano ikawa siku ya Endebess. Nitasema machache, kwa sababu hapo ndipo mama alipofuta sentensi zake mbili. Nyumba yao haipo. Ni shamba la mahindi. Kilichobaki ni mparachichi ambao baba yake aliupanda, sasa ni mkubwa kuliko nyumba. Baba yake alifariki Nakuru bila kuuona tena.

Tulikuwa tumesimama barabarani tunautazama, mama mmoja mzee akatoka boma la jirani akiwa na fimbo, akatuuliza kwa ukali kidogo tunatafuta nini. Mke wangu akamsalimu, akataja jina la baba yake. Yule mzee akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikaona aibu, nikataka kuaga. Ndipo akasema, "Tuliwaona mkiondoka. Tulikuwa nyuma ya ua. Hatukusema kitu."

Akatukaribisha ndani, akatupa maziwa. Wale wanawake wawili wakaketi pamoja kama saa moja, na hawakuzungumza mengi. Hakukuwa na mahubiri, na ninawahakikishia hakuna aliyeniomba nihubiri.

Tulipoingia garini nikamwuliza, "Umemsamehe?" Akajibu kwa ukweli, na ninauheshimu ukweli huo kuliko shuhuda nyingi nilizozisikia madhabahuni: "Sijui bado. Lakini nimekunywa maziwa yake."

Alhamisi tukaingia Hifadhi ya Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim. Mlima huu ni volkano iliyozimika zamani sana, umekaa juu ya mpaka, nusu Kenya nusu Uganda. Kilele kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Lakini sisi hatukwenda kileleni. Tulikwenda pangoni.

Ni Pango la Kitum. Linaingia ndani ya mlima karibu mita 200, na ukipita mahali mwanga wa mlangoni unapofika, ni giza tupu, popo juu ya kichwa. Tuliingia na askari na tochi. Akamulika ukuta, tukaona mikwaruzo, mirefu, mingi, mpaka juu. Ni alama za pembe za ndovu. Kwa vizazi vingi ndovu wa mlima huu wamekuwa wakiingia mle ndani usiku, kwa sababu mwamba wa ndani una chumvi, na majani wanayokula mlimani hayana chumvi ya kutosha. Wanaumega ukuta kwa pembe, wanatafuna mawe. Wanaingia bila kuona chochote, wanapapasa njia kwa mkonga, hatua moja, kisha nyingine. Mama anaingia na mtoto wake nyuma, mtoto anajifunza njia.

Nikasimama pale nikafikiri, chumvi ya mlima huu imewekwa gizani. Nje ni kijani, kuna majani tele, maji tele, mandhari ya kupiga picha. Lakini kitu ambacho mwili unakikosa kiko ndani, mahali ambapo hutaki kwenda. Na hakuna ndovu anayeweza kumwambia mwenzake, "Usiogope giza," akiwa amesimama nje juani. Anaingia naye.

Sasa nisikilize, ndugu yangu, dada yangu.

Sisi watumishi tumezoea kukupa neno haraka. Unakuja na mzigo, kabla hujautua tayari tumekujibu kwa andiko. Lakini fungua Mwanzo 16 uone. Hajiri amekimbia, yuko jangwani na mimba. Malaika anapomkuta, jambo la kwanza ni swali: anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia kwa hofu, anataka kufa. Mungu kwanza anamwacha alale, anampa mkate na maji, mara mbili. Kisha anamwuliza anafanya nini pale, na anamwuliza tena mara ya pili, kana kwamba jibu la kwanza halikutosha. Mungu anajua yote, na bado anauliza. Mimi sijui lolote, na sikuuliza kwa miaka 22.

Hilo la kwanza. La pili ni hili, na ni kwa ajili yako wewe uliyelala njiani mwaka wa 1992, au 1997, au 2008, wewe ambaye mvua ikinyesha juu ya bati usingizi unakimbia. Umewahi kusikia kwamba kupoteza makao ni ishara ya kuachwa na Mungu. Si kweli. Soma Hesabu 9. Israeli walikuwa wakipiga kambi wingu linaposimama, na mara nyingine lilisimama usiku mmoja tu, asubuhi wakafungasha tena. Na katika 2 Samweli 7, Daudi alipotaka kumjengea nyumba, Bwana alimkumbusha kwamba tangu Misri alikuwa akitembea nao hemani. Unaelewa maana yake? Watu walilala kwenye hema, na Mungu akakubali hema. Walipohama, akahama nao.

Kisha uende Mathayo 2. Yusufu anaamshwa usiku, anamchukua mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri, kwa sababu kuna mtu anayetaka kumwua mtoto. Mwokozi wetu alikuwa mtoto aliyetoroshwa usiku. Analijua lori lako. Anajua kulala na viatu. Ukimwomba, huhitaji kuanza kumweleza jambo hilo mwanzo.

La tatu ni dogo, na ni la nyumbani. Leo jioni, kabla ya kulala, mwangalie mtu unayeishi naye. Tafuta ile tabia yake ambayo umeizoea mpaka huioni tena: anayekagua mlango mara tatu, anayeficha chakula, asiyetaka taa izimwe, asiyevua viatu garini. Usimcheke, usimkemee, wala usimwekee mikono kichwani kwanza. Mwulize. Kisha nyamaza mpaka amalize.

Usiku ule wa Alhamisi tuliegesha kambini, ndani ya hifadhi. Baridi ya mlima ilikuwa kali, nyani wamepiga kelele, kisha kimya. Nilipika mimi. Niliacha mlango wa gari wazi kidogo, na sikusema "lala", wala sikusema "kuko salama". Nilimwuliza, "Ungependa mlango ukae hivi, au nifunge?" Akasema, "Acha hivyo kwanza." Nikakaa mlangoni na chai yangu.

Baada ya muda nikasikia kamba zinafunguliwa. Kiatu kimoja. Kisha, baada ya muda mrefu kidogo, cha pili. Akavipanga kando ya godoro, vidole vikitazama mlango, tayari. Nami sikuvigusa.

Alilala mpaka jua likatoka. Ijumaa tulikaa pale pale, na Jumamosi tukarudi Njoro, na mlituona Jumapili.

Je, amepona kabisa? Alipokuwa akisoma maandishi haya jana niliuliza niandike nini hapa. Akasema, "Andika kwamba tukitoka Kitale nilivaa viatu, na tulipofika Timboroa nikavua." Basi nimeandika kama alivyosema.

Viti vya nissan vimerudishwa, msiwe na wasiwasi, Jumamosi kuna mazishi Mauche na gari litakuwepo. Lakini nimewaomba wazee jambo moja. Mto wetu huu wa Njoro, ambao watoto wetu wanauvuka kila siku, unamwaga maji yake Ziwa Nakuru, ndani ya hifadhi, na wengi wetu hatujawahi kuingia pale hata mara moja. Njoo na kitambulisho chako, ulipie kama raia. Tutachagua Jumamosi moja, wanandoa wawili wawili, chapati na chai kutoka nyumbani. Hakutakuwa na kipaza sauti. Kila mmoja atakuwa na swali moja tu la kumwuliza mwenzake.

Tuombe.

Baba, wewe uliyetembea na watu wako hemani, tembea na kila mmoja anayesoma maneno haya. Aliyekimbia usiku, umkumbushe kwamba ulikimbia naye. Aliyenyamaza miaka mingi, umpe mtu wa kumwuliza. Na sisi tunaosema haraka, utufunge midomo kwa wakati wake, utufungue masikio. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu, usiliandike hapa mbele ya watu wote. Nitumie ujumbe, au mwandikie mama. Siku hizi tunajibu polepole, kwa sababu tunauliza kwanza.

Mchungaji wenu, Njoro.